Komredi, Kunyamaza Si Mtindo wa Kujifunza

Makomredi wa Rongo na Tom Mboya, tuambiane ukweli. Kundi la watu wanane limepewa tatizo la kutatua, watatu wanaongea, watano wako kwa simu. Ukiuliza mbona hao wametulia, unapewa jibu tamu: "Huyo hujifunza kwa kuona. Yule ni wa kusikiliza tu." Kesi imefungwa.

Wacha hizo. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, Harold Pashler na wenzake, walipitia tafiti za mambo haya wakasema wazi: hakuna ushahidi wa kutosha kwamba ukimfundisha mtu kwa "mtindo wake" ndio anaelewa zaidi. Kila mtu ana anachopenda, sawa. Lakini kupenda picha hakumfungi mtu mdomo.

Chukua swali la hapa kwetu: zebaki inayotumiwa kunasa dhahabu kule Macalder inaweza kufika vipi hadi kwa samaki wa Homa Bay? Mjadala unaanza kwa Kiingereza, dakika mbili tu umeteleza hadi Dholuo. Mkuria wa Kehancha anabaki kutazama. Msichana anatoa hoja, hakuna anayeiandika. Jamaa anairudia kwa sauti kubwa, sasa imekuwa yake. Mwingine hana bando, na noti zote zilitumwa WhatsApp usiku. Hawa nao utawaita "wa kusikiliza"?

Mtindo huu wa kuanza na tatizo ulianzia kwa wanafunzi wa udaktari wa McMaster, Kanada, mwaka 1969. Hapa Kenya, shule ya udaktari ya Moi kule Eldoret ikauchukua. Maana yake ni rahisi: tatizo kwanza, kisha kila mtu anaenda kusoma na kurudi na kitu. Kila mtu, si wale watatu.

Utasema kuna wenye haya kweli. Wapo. Basi wapeni wote dakika tano za kuandika kabla yeyote hajaongea. Mwenyekiti na mwandishi wabadilike kila wiki. Nawe mhadhiri, ukitoa maksi moja kwa kundi zima, umemzawadia mwenye kelele pamoja na aliyelala.

Kwa hivyo kabla hujambandika mwenzako jina la mtindo, muulize anaonaje, kwa lugha mnayoielewa wote. Halafu nyamaza wewe, umsikilize.