Mwacheni Dogo wa Bodi ya Nne

Haya, tuiongee ile mechi. Wiki mbili sasa maskani zote za Magogoni ni stori moja: ati dogo wa bodi ya nne ndiye ametutoa kwenye mtoano. Ghafla kila mtu ni bingwa wa chesi. Hata jamaa ambaye mpaka juzi alikuwa akimwita farasi "punda" ana maoni kuhusu vile mtoto angesogeza ngome yake.

Yangu ni haya: dogo hakutupotezea mechi. Alikuwa wa mwisho kumaliza, basi. Sisi tuna tabia ya kumpiga mawe wa mwisho kwa sababu ndiye tuliyemwona.

Kwa wasiojua: chesi ya timu ni watu wanne kwa wanne, kila mmoja na bodi yake. Ukishinda unaletea timu pointi moja, droo ni nusu, ukipigwa ni sufuri. Timu ikifika mbili na nusu imemaliza kazi.

Sasa tupige hesabu pamoja. Bodi ya pili tulipigwa mapema, farasi akaliwa bure. Bodi ya kwanza, mkali wetu alikuwa na askari mmoja zaidi, akapewa mkono wa droo, akaupokea. Bodi ya tatu tukashinda. Moja na nusu kwa moja na nusu. Ikabaki bodi ya nne, na ukumbi mzima ukaenda kusimama juu ya kichwa cha mtoto wa miaka 15.

Mchezo wake ulikuwa sawa kwa sawa. Ngome moja moja, askari wanne kwa wanne. Mpinzani akatoa droo, dogo akakataa, na nyinyi mkaguna. Mpaka leo mnauliza, kwani angekubali angepungukiwa nini?

Angepungukiwa na mechi, bana. Sheria ya ligi yetu ni kwamba timu zikitoka sare, anapita aliyemaliza juu kwenye jedwali. Wao walikuwa juu yetu. Droo ilikuwa ni kutolewa kwa adabu. Dogo alijua hilo, wengi wenu hamkujua. Ilibidi atafute ushindi kwenye bodi ambayo haina ushindi, na kwenye chesi ukilazimisha kitu ambacho hakipo, unajifungulia mlango mwenyewe. Alisukuma, akafunguka, akapigwa.

Na kwa nini wao walikuwa juu yetu? Kumbukeni ile mechi ya katikati ya msimu, siku ya mvua. Tulifika watu wawili badala ya wanne. Bodi mbili tukapewa sufuri bila kusogeza hata askari mmoja. Siku hiyo hakukuwa na shabiki, hakukuwa na kamera, na hakuna aliyeitwa mkosaji. Pointi tulizozidiwa kwenye jedwali zilienda hapo.

Kuna na ile droo ya bodi ya kwanza. Kwenye mashindano makubwa ya timu, kepteni anaruhusiwa kumshauri mchezaji akubali droo au aikatae, kwa sababu droo ya mmoja inabadilisha hesabu ya wote. Kepteni wetu ni huyohuyo wa bodi ya pili, na wakati huo alikuwa kwenye msiba wake wa farasi. Hakuna aliyesema, "Cheza, tunahitaji nzima." Mchezaji wetu wa kwanza mwenyewe aliniambia ile nusu ndiyo inayomnyima usingizi. Nampa heshima zake. Wachezaji wanaelewa kilichotokea. Ni sisi mashabiki tunaotaka jina moja.

Hii si tabia ya Magogoni peke yake. Tarehe 22 Agosti 2025, robo fainali ya CHAN pale Kasarani, Kenya na Madagascar walitoka 1-1, tukatolewa kwa penalti 4-3. Mmoja wa waliokosa penalti ndiye huyohuyo aliyetufungia bao letu. Lakini usiku ule watu walikumbuka penalti kuliko bao. Dakika 120 za watu wengi zikawa mguu wa mtu mmoja.

Sasa nikupe stori ya chesi yenyewe. Mwaka 2022 Olimpiadi ya chesi ilikuwa Chennai, India. Timu ya pili ya India ilikuwa ya madogo tupu karibu, na bodi ya kwanza alikaa Gukesh, miaka 16, ambaye alikuwa ameshinda michezo yake minane ya kwanza mfululizo. Raundi ya kumi wakakutana na Uzbekistan. India wangeshinda mechi ile, dhahabu ingekuwa karibu sana. Gukesh alikuwa na mchezo wa kushinda dhidi ya Abdusattorov, akausukuma, saa ikambana, akakosea, akapigwa nyumbani kwao, mbele ya watu wao. Mechi ikaisha 2-2. Uzbekistan wakachukua dhahabu, madogo wa India wakapata shaba.

Je, walimtoa kwenye timu? Mwaka 2024 kule Budapest alikaa tena bodi ya kwanza ya India, akamaliza na pointi 9 katika michezo 10, na India ikachukua dhahabu. Desemba mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18. Sisemi dogo wetu atakuwa bingwa wa dunia. Nasema yule wa Chennai alipewa kiti chake tena.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokatika. Kuna watu mpaka leo wakinitambulisha wanaanzia hapo, kana kwamba kabla na baada ya siku ile sikuwahi kuishi. Kwa hiyo najua vile inauma ukifupishwa kuwa tukio moja. Na mimi nilikuwa mtu mzima. Huyu ni mtoto wa sekondari, na tangu ile Jumamosi hajaonekana kwenye mazoezi.

Hapo ndipo naogopa. Kisauni ikitajwa kwenye habari, mara nyingi ni vijana na mapanga. Sisi tunalalamika kila siku kwamba tunachafuliwa jina. Halafu tunapata mtoto anayekaa masaa matatu kwenye kiti, kimya, anafikiria, kwa jina la mtaa wetu, na tunamfukuza kwa kicheko. Akiacha bodi atakaa wapi jioni? Hiyo barabara mnaijua, na walio kwenye kona wanamkaribisha bila kumuuliza alipoteza nini.

Mapendekezo yangu ni matatu. Kwanza, karatasi zote nne za mechi ziwekwe mezani, zichambuliwe kuanzia bodi ya kwanza, mbele ya mashabiki. Anayetaka kuongea aonyeshe ni hatua gani yeye angecheza. Wazee wa drafti pale barazani hufanya hivyo kila siku: hucheki mpaka umekaa. Pili, msimu ujao tuwe na kepteni asiyecheza, kazi yake ni kuangalia bodi zote na kuhakikisha watu wanne wamefika, mvua isiwe mvua. Tatu, nyinyi mliojaa siku ya mtoano, njooni na siku za kawaida.

Na kuna jambo moja ambalo halihitaji kikao. Mtu anayemjua mama yake apite pale jioni, abishe hodi, amwambie dogo kiti chake kiko palepale. Jumamosi tunapanga bodi baada ya alasiri.