Waya Unaovuja

Mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Kamina alinijia Jumapili baada ya Misa, mwenye uchungu mwingi. Kila jioni redio yake yavuma kama mzinga wa nyuki, hata asisikie habari. Naye alikwisha kumhukumu mwenye kosa: jirani wa lupango wa pili, ambaye hawajasalimiana tangu mwaka jana. Nikamwuliza, "Baba, yavuma saa zote?" Akajibu, "La, mwalimu. Yaanza pale wanapowasha televisheni yao." Basi nikatambua kwamba mzee alikosea juu ya nia ya jirani, lakini hakukosea juu ya mahali inapotoka kelele.

Jirani yule ana dekoda moja, na kwa mashine ndogo hupeleka picha katika nyumba tatu kwa waya wa mviringo. Ukiukata waya huo utaona uzi wa shaba katikati, kisha plastiki nyeupe, kisha wavu wa nyuzi za chuma, na nje ganda jeusi. Mwingereza Oliver Heaviside alipewa hati ya uvumbuzi wa waya wa namna hiyo mwaka 1880. Wavu ndio ukuta wake: mawimbi husafiri ndani, wala hayatoki. Lakini jua likipasua ganda, panya wakitafuna, maji ya mvua yakileta kutu, au mtu akiunga waya kwa kuusokota vidoleni tu, ukuta umebomoka. Hapo waya wageuka antena. Tena penye kutoka pana kuingia: mawimbi ya nje hupenya na kuharibu picha ya mwenyewe.

Kuutafuta mvujo si kazi ya wataalamu peke yao. Tulichukua redio ndogo ya FM, tukaiweka mahali pasipo kituo, palipo na mvumo tu. Kwanza nilimwomba jirani azime dekoda na mashine yake. Mvumo ukakoma. (Kama usingekoma, ningeshuku chaja ya simu au mtambo wa paneli za jua, maana hivyo navyo vina kelele sana.) Akawasha tena, nasi tukaufuata waya polepole. Sauti ilipozidi pande zote nikaifupisha antena ya redio, ili isikie yaliyo karibu tu. Chini ya mwembe ikanguruma: kiungo kilichosokotwa na kufungwa kwa mfuko wa plastiki. Tulizima vyombo vyote kabla ya kukikata, tukatia vichwa vya chuma vya kukaza. Mvujo wa pili ulikuwa ukutani, kichwa kilicholegea; nilikikaza kwa mkono, basi.

Huko Marekani mafundi walitia katika waya sauti ya pekee, kama ya ndege aliaye, wakaitafuta barabarani kwa redio. Walikuwa na sababu. Mwaka 1976 marubani waliopita juu ya Harrisburg, Pennsylvania, walipata usumbufu katika redio zao kwa ajili ya waya za televisheni zilizovuja. Serikali yao iliweka mpaka: kwa sehemu kubwa ya mawimbi hayo, mvujo usipite maikrovolti 20 kwa mita, ukipimwa mita 3 kutoka kwenye waya.

Nasi tuna uwanja wa ndege, na ile kambi kubwa waliyoijenga Wabelgiji baada ya vita ya pili ya dunia. Redio ya FM yakoma megahezi 108. Rubani husema na uwanja kati ya 118 na 137, karibu sana. Sisemi kwamba kiungo cha mwembeni kingeangusha ndege. Lakini mji wenye viungo mia vya namna ile ni jambo jingine.

Jirani ndiye aliyeshika ngazi, na mzee akamshikia koleo. Kipande kibovu ninacho darasani. Wanafunzi hukipokezana, wakistaajabia wavu uliogeuka unga wa kutu.