Mguu Mmoja Mjini, Mguu Mmoja Wilayani



Kila zitolewapo barua za uhamisho, twasikia maneno yale yale. Mtumishi aliyepangiwa Dar es Salaam hupongezwa na jamaa zake. Aliyepangiwa wilaya ya mbali hupewa pole kana kwamba amefiwa. Yafaa tulitazame shauri hili kwa makini, maana lahusu maisha yetu, na tena lahusu kazi tunayolipwa kuifanya.

Hatutaki kuwalaumu wapendao mji. Dar es Salaam ndipo ilipo hospitali kubwa ya Muhimbili, na bandari, na shule nyingi, na soko la kila bidhaa. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta watu 5,383,728 katika mkoa ule, na umati kama huo haukuletwa na upepo. Lakini mtumishi wa mshahara mdogo huyaona mengi ya mema hayo kupitia dirisha la daladala. Huamka kabla ya alfajiri, hulipa kodi na nauli, na hata mchicha hana budi kuununua. Wilayani mshahara ule ule waweza kumpatia nyumba yenye uwanja, na kuku wachache, na shamba la mahindi, na majirani wawajuao watoto wake kwa majina. Upungufu nao upo: daktari bingwa yuko mbali, shule ni chache, na mke au mume mwenye kazi yake mjini huenda asipate kazi huko.

Basi kila mtu na apime mwenyewe. Tunalolikataa sisi ni desturi ya kukaa miaka mingi bila kukata shauri. Yuko mtumishi ambaye mwili wake uko wilayani na moyo wake uko Dar es Salaam. Amepanga chumba kimoja, hana hata kitanda cha maana, kwani asema yuko njiani. Ijumaa adhuhuri yumo basini. Jumatatu asubuhi hajafika. Mzee aliyetembea kutoka kijijini kufuata hati ya shamba lake aambiwa, "Karani hayupo, njoo kesho." Mzee yule hana ofisi nyingine ya kwenda, na kesho yake ni siku nyingine ya kuacha jembe. Na mtumishi mwenyewe hupata faida gani? Hulipia makao mawili, humaliza akiba katika nauli, na watoto wake humpokea kama mgeni. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, ni neema kubwa kwa nchi. Lakini imemrahisishia mtu wa namna hii kuendelea na mwendo wake.

Serikali yenyewe imetufundisha gharama ya jambo hili. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973. Hata hivyo wizara nyingi zilibaki pwani mpaka mwaka 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yahamia kweli. Na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Kwa muda mrefu katika miaka ile 43 Bunge lilikutana Dodoma na wizara zilikaa Dar es Salaam, na maofisa pamoja na mafaili yao wakawa njiani. Ikiwa Serikali yenye hazina ilichoka kwa mwendo huo, mtumishi mwenye mshahara mmoja atauweza wapi?

Wako wasemao kwamba mji mdogo humdumaza mtu aliyesoma. Twawakumbusha kwamba chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Tanganyika hakikuzaliwa katika mji mkuu. Kilianzishwa Tanga mwaka 1922 chini ya karani Martin Kayamba, na ndani yake walijumuika Waislamu na Wakristo. African Association ilianzishwa Dar es Salaam baadaye, mwaka 1929. Watu wale wa Tanga hawakungoja uhamisho ndipo waanze kuishi.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa hiyo twatoa shauri hili. Aliyekubali kituo na akikubali kweli: apange nyumba, alete jamaa zake kama inawezekana, apande miti, aingie katika kamati ya shule na timu ya mpira. Asiyeweza kwa sababu ya haki, kama ugonjwa au kazi ya mwenzi wake, na aiandike sababu hiyo mapema kwa mkubwa wake, kuliko kuitoroka kila Ijumaa. Na wakubwa watoao barua za uhamisho twawaomba wasiwatenganishe mume na mke pasipo haja, tena wahakikishe kwamba nyumba ipo kabla ya mtumishi kufika.

Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na wa lazima ni 60. Aliyekaa miaka 30 kama abiria atafika siku hiyo hana shamba kule alikofanya kazi, wala hana kiwanja mjini alikokimbilia. Twawasihi ndugu zetu vijana, hasa walio na barua mpya mkononi, wakate shauri lao sasa.