Hedhi Inapokoma: Ya Kutuliza Nyumbani na Ya Kupeleka Hospitali



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), aliyemuumba mwanadamu na kumpitisha katika hatua baada ya hatua. Juma hili safu yetu inajibu barua ya mama wa miaka 51 anayeishi Kanyakine, kusini mwa Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Anaeleza kuwa katika usiku wa baridi ya huko, hali wenziwe wamejifunika mablanketi mawili, yeye huamka amelowa jasho. Anauliza mambo matatu. Je, haya ni maradhi? Ni njia zipi za asili zinazoweza kumtuliza? Na je, damu kidogo aliyoiona juzi, baada ya mwaka na nusu bila hedhi, ndiyo kama alivyoambiwa na jirani kuwa "ujana umerudi"?

Tutaanza na swali la tatu, kwa kuwa hilo halingoji.

Mama mpendwa, ujana haujarudi. Mwanamke akishatimiza miezi 12 mfululizo bila hedhi, damu yoyote atakayoiona baadaye, hata ikiwa ni tone moja, inahitaji kuchunguzwa. Mara nyingi chanzo chake ni chepesi: utando wa uke au wa mfuko wa uzazi umekuwa mwembamba na mkavu, au kumeota kinyama kisicho na madhara. Lakini wakati mwingine damu hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya saratani ya mfuko wa uzazi au ya shingo yake, na saratani iliyogunduliwa mapema ina matumaini makubwa ya kutibika. Kwa hiyo usichemshe mizizi ya kuizuia wala usisubiri uone kama itarejea. Nenda hospitali ya Kanyakine juma hili hili. Ukiona haya, omba upimwe na muuguzi au daktari wa kike. Ikihitajika picha ya altrasaundi au kipimo cha utando wa mfuko wa uzazi, utaelekezwa pa kwenda. Wahenga walikwisha kutuonya: mficha maradhi, kilio humfichua.

Hapa pana maswali mawili, na kila moja lina mtu wake. Iwapo uswali au usiswali katika hali hiyo, muulize mwanachuoni unayemwamini. Damu inatoka wapi, muulize daktari. Jibu la mmoja halisimami mahali pa jibu la mwingine. Tukumbuke kuwa Fatima bint Abi Hubaysh (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) na kumuuliza waziwazi juu ya damu isiyokatika, akafundishwa kuwa si kila damu ni hedhi. Haya haikumzuia kuuliza, nasi isituzuie.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Kukoma kwa hedhi, au ukomohedhi, si maradhi. Ni wakati ambapo ovari hupunguza kazi yake na homoni ya estrojeni hushuka mwilini. Wanawake wengi huufikia kati ya umri wa miaka 45 na 55. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, ni vyema kumwona daktari. Miaka michache kabla ya kukoma, hedhi hupotea na kurudi bila mpango, na mimba bado yaweza kuingia. Joto hupanda ghafla kifuani na usoni kwa dakika chache, kisha jasho likafuata. Usingizi hukatika, moyo huenda mbio, hasira huja upesi, uke hukauka na tendo la ndoa likaumiza. Kwa wengine hali hii hupita kwa wepesi. Kwa wengine hudumu miaka kadhaa.

Hata hivyo, si kila jasho la usiku ni la ukomohedhi. Likiandamana na kikohozi kisichoisha, homa au kukonda, pimwa kifua kikuu na malaria.

Ama njia za asili, ziko nyingi zisizo na gharama. Kwanza ni mavazi na malazi. Kanyakine ni baridi, na blanketi moja zito hukufanya uchague baina ya kuungua na kutetemeka. Tumia mashuka na leso kadhaa nyepesi, ili uondoe moja joto linapopanda. Chini ya buibui vaa pamba, kwani nailoni hufungia jasho mwilini. Pili, chunguza kinachoamsha joto lako. Kwa wengi ni chai ya moto sana, kahawa au pilipili. Meru ni nchi ya chai na kahawa, na si lazima kuviacha. Acha vipoe kidogo, na usinywe baada ya alasiri. Miraa nayo hufukuza usingizi. Tatu, joto linapokujia, kaa, pumua polepole kwa kina, na ulete dhikri.

Nne ni mifupa, ambayo hupoteza nguvu kwa haraka estrojeni inaposhuka. Kula maziwa na mtindi, dagaa wa kuliwa na miba yao, ufuta, terere na sukumawiki. Njahi na kunde zitakupa protini. Soya huwapunguzia baadhi ya wanawake joto, ingawa si wote. Tembea kila siku. Vilima vya Kanyakine ni mazoezi tosha kwa mifupa na moyo. Kwa kuwa tunajisitiri, ngozi zetu hupata jua kidogo, nalo ndilo huupa mwili vitamini D. Tafuta ua uliositirika, ukae juani na mikono wazi kwa muda mfupi siku kadhaa za juma.

Tano ni ukavu. Acha sabuni za manukato na kujifukiza udi sehemu za siri, kwani huzidisha muwasho. Mafuta ya nazi safi yaweza kusaidia wakati wa tendo la ndoa, lakini hayafai pamoja na kondomu, kwani huiharibu.

Jihadhari na unga au mizizi inayouzwa kwa ahadi ya "kurudisha homoni". Kitu kuwa cha asili si dhamana ya usalama. Baadhi ya mitishamba hudhuru ini au hugongana na dawa za presha na sukari. Na ikiwa dalili zimekushinda, yako matibabu ya homoni. Hayamfai kila mtu, hususan aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu, lakini daktari anaweza kukupimia faida na hatari zake.

Mwisho, tunawageukia waume. Mkeo akikataa kulala nawe kwa sababu anaumia, hajakuchukia. Akifungua dirisha usiku wa manane, hakufanyi stihizai. Mnunulie leso nyepesi, na msindikize hospitali. Wala asidhani mtu kuwa mwanamke aliyekoma hedhi ameachwa nje ya sheria: Surat At-Talaq, aya ya 4, imemtaja, na eda yake anapopewa talaka ni miezi mitatu. Ikiwa Mola wake hakumsahau, sisi wa nyumbani kwake tutamsahauje?

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum.