Hongera Zimetosha, Nani Kamuuliza Mzazi Hali Yake?

Nimekuwa kimya hapa kibarazani wiki mbili, mnisamehe wadau. Leo nimerudi na dukuduku, na najua kuna watakaonuna.

Mwaka jana tulikwenda Tabata, watu sita, kumwona rafiki yetu aliyekuwa na siku kumi tangu ajifungue. Tulikula pilau lake, tukapokezana mtoto, tukabishana kafanana na nani, tukapiga picha, tukaaga. Juzi ndiyo kaniambia kwamba muda wote ule alikuwa akihesabu dakika tuondoke, akajifungie bafuni alie. Alilia hivyo karibu miezi minne. Alimtazama mtoto hasikii chochote, halafu anajichukia kwa kutosikia chochote. Alipomgusia mama mkwe, jibu likawa: "Jikaze mwanangu, wenzio wamezaa saba na hawakulia."

Mimi mwandishi wa habari, mtu ninayelipwa kuuliza maswali, siku ile sikumuuliza hata moja linalomhusu yeye.

Na kliniki je? Hakukosa mwezi hata mmoja. Mtoto anavuliwa nguo, ananing'inizwa kwenye mizani, uzito unaandikwa, sindano, haya, mwingine aje! Mama kazi yake ilikuwa kumbeba mtoto kumleta na kumrudisha. Simlaumu muuguzi mwenye foleni mpaka getini. Nawalaumu wanaopanga huduma kana kwamba mama akishatoka leba akiwa hai basi kazi imekwisha. Ni kweli tumepiga hatua: vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, na ule wa 2022 ukaonyesha 104. Sawa. Huyu aliyenusurika sasa anaendeleaje?

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kati ya 100 hupata matatizo ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Piga hesabu ya wazazi uliowapelekea khanga na sabuni mwaka huu.

Hapo ndipo wajuaji wanakuja juu: "Hayo maradhi ya wazungu!" Ya wazungu? Hivi arobaini ilikuwa ya nini, jamani? Siku 40 mzazi hashiki ndoo, anakandwa maji ya moto, anapikiwa mtori na uji wa pilipili manga, usiku kuna mtu wa kumpokea mtoto. Bibi zetu hawakulijua neno sonona, ila walijua mzazi haachwi peke yake. (Nao hawakuwa malaika. Mtoto akikonda, mama anaambiwa kambemenda.) Sisi wa mjini tumebakiza pilau na hongera, ulinzi tumemwachia dada wa kazi. Na baba? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilimpa mama siku 84, baba siku tatu. Siku tatu hata kitovu hakijadondoka!

Msiniambie pia kwamba hatuna madaktari wa akili wa kutosha. Zimbabwe nao hawakuwa nao. Mwaka 2006 Dakta Dixon Chibanda aliwafundisha bibi 14 wa Mbare, Harare, wakawa wanakaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kumsikiliza mtu mwenye mawazo. Utafiti wao ulichapishwa 2016 na ulionyesha watu walipata nafuu. Zanzibar nao wakaleta benchi hizo. Ni benchi, wadau! Fundi wa Keko analipiga kwa siku moja. Na maswali ya kumpima mzazi yapo tangu 1987, yapo kumi tu, hayamalizi hata dakika kumi kwenye foleni ile ile ya mizani.

Jumamosi naenda Kinondoni kumwona mzazi mwingine. Pilau lao sili. Nabeba mtori, naosha vyombo, halafu namuuliza yeye kalalaje kabla sijauliza mtoto anaitwa nani.