Umerudi Kazini, Je, Fidia ya Miezi Ile Iko Wapi?

Ndugu msomaji, juma hili natuzungumze juu ya mfanyakazi aliyeumia kazini, akalala nyumbani miezi kadhaa, akapona, akarudi kazini. Wengi hudhani kwamba habari yake imekwisha siku ile anapoonekana tena langoni. Wenzake humpokea kwa furaha, na yeye mwenyewe huona haya kuuliza habari za fedha, asije akaitwa mtu wa madai. Lakini nyumbani kwake habari haijaisha hata kidogo. Deni la dukani lipo, ada ya mtoto haijakamilika, na mbuzi aliyeuzwa mnadani harudi tena zizini.

Katika Karatu na Ngorongoro jambo hili si geni, maana huko kazi nyingi ni za nguvu za mwili. Yako mashamba ya kahawa ya Oldeani, yaliyopakana na msitu wa hifadhi, na nyati wa msitu ule hawaujui mpaka. Wako madereva wanaowateremsha watalii ndani ya kreta kwa njia za mteremko mkali. Tena wako wapishi, wahudumu na mafundi wa hoteli zilizojengwa ukingoni, kwenye kimo cha mita 2,300 hivi, ambako ukungu na manyunyu huiacha ngazi na utelezi tangu alfajiri.

Tuchukue mfano. Mpishi wa hoteli moja, mwenye mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi, ameteleza akiwa amebeba sufuria, akavunjika mguu. Akafungwa plasta, akakaa nyumbani kwake Karatu miezi minne bila mshahara. Alipotuma mtu kuuliza, jibu lilikuwa, "Hilo ni la Mfuko." Mwezi wa tano akarudi jikoni, na tangu hapo hakuna aliyelitaja jambo lile tena. Miezi ile minne ailipe nani?

Mwajiri huyo hakusema uongo, ila alisema nusu ya maneno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nazo siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu mshahara. Lakini sheria hiyo hiyo yasema mwajiri halazimiki kuilipia likizo hiyo iwapo mfanyakazi anastahili malipo ya namna hiyo kwa sheria au mfuko mwingine. Na mfuko huo upo. Ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, ambao waajiri peke yao ndio wanaouchangia. Aliyeumia kazini, akashindwa kufanya kazi kwa muda, hustahili asilimia 70 ya mshahara wake wa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24.

Basi tupige hesabu. Asilimia 70 ya 400,000 ni 280,000. Kwa miezi minne, ni shilingi 1,120,000. Kurudi kazini kunakomesha malipo ya miezi ijayo, maana sasa unapokea mshahara. Hakufuti haki ya miezi uliyolala.

Nusu ya pili ya maneno, ambayo mpishi wetu hakuambiwa, ni kwamba Mfuko haujui kuvunjika kwa mguu wake mpaka uarifiwe. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 tangu apate habari za ajali, na kutofanya hivyo ni kosa kisheria. Kumwambia mgonjwa kuwa jambo ni la Mfuko, huku Mfuko wenyewe haujaandikiwa hata mstari mmoja, ni kumwacha mtu katikati ya mto.

Na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Madai ya fidia yana muda wake, nao ni miezi 12 tangu siku ya ajali. Aliyekaa nyumbani miezi minne amebakiwa na minane, na miezi ya mtu aliyerudi kazini huenda mbio. Msimu wa watalii unaingia, zamu zinaongezwa, bwana mkubwa anaahidi kulitazama jambo lake mwezi ujao. Mwaka ukigeuka kabla ya taarifa kufika, haki iliyokuwa wazi inakuwa kesi.

Liko pia jambo la ulemavu wa kudumu, ambalo waliorudi kazini hulisahau zaidi. Mguu umeunga, lakini goti halikunji kama zamani. Kiwango cha ulemavu wa namna hii hupimwa na daktari baada ya jeraha kutulia, na aghalabu wakati huo mtu amekwisha kurudi kwenye zamu yake. Ukipimwa asilimia 30 au chini yake, hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Usikubali kuambiwa kwamba kwa kuwa unafanya kazi, huna ulemavu.

Wazee wetu waliumia chini ya sheria iliyoachwa na Waingereza, ambayo hata miaka ya karibuni fidia yake ya juu kabisa, kwa mtu aliyepoteza uwezo wote wa kazi, ilikuwa shilingi 108,000. Kwa kiasi kile mtu hakuona hata sababu ya kupanda basi kwenda kudai Arusha. Nadhani uzito wa kudai tumeurithi huko.

Wafanyakazi wa hoteli na hifadhi wanacho chama chao, CHODAWU, na wa mashambani wana TPAWU. Kiongozi wa tawi aombwe aulize swali moja tu: taarifa ya ajali ilipelekwa Mfuko tarehe ngapi? Jibu likiwa ni kigugumizi, mfanyakazi aupelekee Mfuko habari yeye mwenyewe bila kungoja.

Nanyi mama na baba mliobaki nyumbani na mgonjwa, karatasi ni kazi yenu. Wekeni pamoja vyeti vya daktari vya kila mwezi aliopumzishwa, stakabadhi za dawa, hati za mshahara za kabla ya ajali, na PF3 ikiwa ajali ilikuwa ya barabarani. Kisha mwajiri aandikiwe barua ya kuomba fidia ya miezi ile, itaje siku ya kuumia na siku ya kurudi. Iandikwe nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, irudi nyumbani.