Mpe Mtoto Kopo Lake

Watoto wengi wa mjini siku hizi huujua mchaichai kwa harufu ya chai tu. Msimamishe mmoja wao mbele ya shina lenyewe, atakwambia ni majani ya ng'ombe. Sisi tuliokulia pwani hatukusomeshwa mambo haya darasani. Bibi alisema, "Kanikatie mchaichai, lakini usiung'oe," nasi tukatoka mbio, maana maji yalikwisha chemka. Tulijua kikuba, kile kishada cha kunukia, hakinogi bila mrehani, na kwamba jioni kivumbasi huwekwa mlangoni kwa ajili ya mbu.

Basi mapenzi ya mimea kama hiyo yamekatikia wapi? Yamekatikia mikononi mwetu wazazi. Bustani tumeigeuza adhabu. Mtoto akivunja kikombe: "Nenda kamwagilie miche!" Nami nilimfanyia hivyo mwanangu wa kwanza miaka mingi. Leo ni mtu mzima, ana nyumba yake, na barazani kwake hakuna hata jani la mrehani. Simlaumu.

Mdogo wake nilimpa kopo la maziwa ya unga, nikalitoboa chini, nikamwambia, "Hili ni lako." Alikata kijitawi cha mnanaa akakitia kwenye gilasi ya maji dirishani. Wiki mbili hazijatimia mizizi myeupe ilikwisha toka, akatuita nyumba nzima tukaione. Nilimshauri aupande peke yake, kwa kuwa mnanaa hutambaa chini kwa chini ukawasonga jirani zake. Hakusikia, akachanganya na kotmiri, ile ambayo wengine huiita giligilani. Kotmiri ikasongwa ikafa. Niliuma ulimi nisimkemee, na nafurahi kwamba niliuma. Mara ya pili aliipandia kopo jingine mwenyewe, akaziponda punje taratibu, kwani kila punje ni mbegu mbili zilizoshikana, akaiweka kivulini, maana joto letu huiharakisha kutoa maua.

Na hapa ndipo nataka tushikamane, wazazi wenzangu: kopo likiwa la mtoto, liwe lake kweli. Ukihitaji majani ya kutia kwenye mchuzi, mwombe. Akikataa, pika bila majani. Mgeni akiusifu mchuzi, mtaje mwenye kotmiri kwa jina mbele ya wote. Nimeona uso wa mtoto aliyetajwa hivyo, na sijui zawadi ya dukani inayoweza kuuleta uso ule.

Wako watakaosema, sisi tumepanga chumba kimoja, ardhi tutaitoa wapi? Mrehani hauombi shamba. Unataka jua, maji kidogo, na mtu wa kuukata vichwa vya maua kila vinapochomoza ili uendelee kutoa majani. Dirisha moja latosha.

Tena tusisahau wazee wetu. Bibi na babu wengi wangali wanayajua majina na matumizi ya majani ambayo sisi tumeyapita tu njiani, na hakuna anayewauliza. Mchaichai wenyewe hupandwa kwa chipukizi lenye mizizi linalochanwa kwenye shina la mwenzako, kwa hiyo ni lazima mtu akaombe. Mwisho wa wiki hii mpeleke mwanao kwa bibi yake, aombe kwa kinywa chake na achimbe kwa mikono yake. Mkirudi nyumbani, nakusihi, mwache alipande chipukizi hilo mwenyewe.